Mnara upo, vijiti vimejaa: mbona intaneti inasuasua?

Kila tunapofungua simu za wasikilizaji, lalamiko moja halikosekani: mtandao unaonyesha umejaa, lakini picha haifunguki. Wengine huongeza kwamba kijiji jirani, chenye mnara uleule, video inacheza bila kuganda.

Tumeona tulieleze jambo hili sasa, wakati minara inaendelea kuongezeka vijijini. Mei 2023, Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758. Ni habari njema. Lakini mnara kusimama ni jambo moja, na kasi inayomfikia mkulima aliye bondeni ni jambo jingine.

Simu na mnara huzungumza

Tunaporusha matangazo ya FM, mtambo wetu haujui kama wewe unasikia. Unatuma kwa namna ileile kwa aliye mjini na aliye nyuma ya mlima. Mnara wa 4G haufanyi hivyo. Simu yako hupima ubora wa mawimbi inayopokea, kisha huurudishia mnara alama kati ya 0 na 15. Kwa alama hizo mnara huamua data ziende kwa kasi gani, na uamuzi huo unaweza kubadilika mara 1,000 kwa sekunde moja.

Ni kama kuzungumza na mtu aliye ng'ambo ya mto. Pakiwa kimya, unasema haraka. Upepo ukivuma, unasema neno moja moja na kurudia. Mnara nao, mawimbi yakiwa safi, kila mpigo wa mawimbi hubeba biti 6, na kwenye mitambo mingine 8. Yakiwa dhaifu hubeba 2 tu, na sehemu kubwa ya hizo ni kinga dhidi ya makosa. Kwa hiyo kasi kushuka si lazima iwe hitilafu. Mnara umepunguza mwendo ili ujumbe ufike mzima.

Vijiti kwenye simu huonyesha nguvu ya mawimbi. Havikwambii kama mawimbi ya minara mingine yanaingiliana na ya mnara wako, wala ni watu wangapi mnagawana mnara huo.

Aliye mbali huwagusa wote

Mnara hugawa nafasi yake kwa simu zote zinazoutegemea. Video moja ikitumwa kwa biti 2 hula nafasi mara tatu au zaidi ya ileile ikitumwa kwa biti 6. Ndiyo maana jioni, wengi wanapoingia mtandaoni wakiwa mbali na mnara, hata jirani wa mnara huona mambo yanakwenda polepole.

Hapa ndipo penye uzito. Bando la saa 24 lina bei moja kwa wote, lakini aliye bondeni muda unaweza kumwishia kabla ya MB kuisha. Simu yake nayo hulazimika kutumia nguvu zaidi kuufikia mnara, hivyo betri hukata mapema. Kwa kaya inayolipia kuchaji simu dukani, hiyo ni gharama nyingine.

Kwa mtazamo wetu, kuhesabu minara pekee hakutoshi. Viongozi wakija kuzindua mnara, tuwaulize pia: kasi itakuwa kiasi gani kwenye kitongoji cha mwisho, saa mbili usiku?

Unachoweza kufanya

Sogea mahali palipo wazi au penye mwinuko, mbali na ukuta mnene na paa la bati. Hata hatua chache zinaweza kubadilisha alama ambayo simu yako inaupa mnara. Pakua mafaili makubwa alfajiri, watumiaji wakiwa wachache. Punguza ubora wa video.

Tatizo likiendelea, andika mahali ulipo, tarehe na saa, kisha peleka malalamiko kwa kampuni yako ya simu. Usiporidhika, yapeleke TCRA. Ukisema tu kwamba mtandao ni mbovu, ni rahisi kupuuzwa. Ukitaja kitongoji, siku na saa, fundi atajua pa kuanzia.