Uhuru wa Tano Haumo Katika Katiba

Sam Fisher amemkaba mtu koo ndani ya msala mjini Valletta, Malta. Mchezaji aliyeshika padi anachagua pa kumgongesha: sinki, ukuta au mlango. Anabonyeza kitufe, kichwa kinagonga, jibu moja linatoka. Anabonyeza tena, linatoka la pili. Hakuna jibu la uongo, wala hakuna aliyekamatwa kwa kufananishwa, na habari ikikamilika safari inaendelea. Hiyo ni Splinter Cell: Conviction, gemu ya ujasusi iliyotoka 2010. Umri wake umesonga, lakini fikra iliyo ndani yake bado ni mbichi, na inastahili kujadiliwa katika mitaa kama Kianda kule Kibera, au Kawangware, ambako kijana anayebanana na wenzake kwenye benchi la kibanda cha gemu ndiye huyohuyo anayesimamishwa na askari kanzu akitoka nje.

Mfululizo huo wa Ubisoft, kampuni ya Ufaransa, ulianza 2002, mwaka mmoja tu baada ya mashambulizi ya Septemba 11 nchini Marekani. Fisher ni jasusi wa kitengo cha siri kinachopambana na magaidi. Tofauti na gemu nyingi za bunduki, hapa ustadi ni kutoonekana. Fisher hupasua taa, hunyemelea gizani, hubana pumzi mlinzi akipita. Katika misheni nyingi za toleo la kwanza, king'ora kikilia mara tatu umeshindwa, na ziko misheni unazokatazwa kuua hata mtu mmoja. Kwa hilo waundaji wanastahili pongezi, maana walimfunza mchezaji subira na kipimo. Conviction ndiyo iliyovunja kipimo hicho. Fisher wa 2010 ana hasira, hana bosi, na anaweza kuweka alama juu ya vichwa kadhaa kisha akavilipua kwa kitufe kimoja. Ila mbegu ilikuwemo tangu mwanzo, katika kitu ambacho gemu inakiita Uhuru wa Tano. Mwaka 1941 Rais Franklin Roosevelt alitaja aina nne za uhuru: uhuru wa kusema, wa kuabudu, wa kutoishi katika ufukara, na wa kutoishi kwa hofu. Fisher amepewa wa tano, yaani ruhusa ya kuvunja sheria yoyote, ikiwemo ile inayokataza kuua, mradi analinda zile nne.

Katiba ya Kenya, iliyozinduliwa mwaka huohuo wa 2010, nayo inahesabu mpaka nne. Ibara ya 25 inataja mambo manne yasiyoweza kupunguzwa kwa kisingizio chochote: mtu asiteswe wala kudhalilishwa, asifanywe mtumwa, asikilizwe kwa haki mahakamani, na mahakama iweze kumwamuru yeyote anayemshikilia amfikishe mbele yake. Hesabu inakomea hapo. Nchi iliyoandika ibara hiyo ilikuwa imepitia vyumba vya mateso vya Nyayo House, ambako watu walikaa uchi ndani ya maji hadi wakubali makosa wasiyoyajua. Ilifahamu kwamba anayegongwa kichwa husema lolote ili kipigo kikome, na ukweli si lazima uwemo.

Hata hivyo, uhuru wa tano umetumika hapa bila kuandikwa popote. Septemba 2015 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) ilitoa ripoti kuhusu vita dhidi ya ugaidi iliyoorodhesha visa zaidi ya 120 vya ukiukaji mkubwa wa haki, vikiwemo mauaji 25 nje ya sheria na watu 81 waliotoweshwa. Sheikh Aboud Rogo, mhubiri aliyetuhumiwa kuunga mkono ugaidi, alipigwa risasi garini mjini Mombasa Agosti 2012 akiwa bado na kesi. Mhubiri mwenzake Abubakar Shariff, aliyejulikana kama Makaburi, aliuawa nje ya mahakama ya Shanzu Aprili 2014, baada ya kutabiri hadharani kwamba zamu yake ingefika. Mtu anaweza kuchukia kila neno walilohubiri wawili hao, nami sina neno la kuwatetea, na bado akauliza Mombasa ilipata nini. Baada ya Rogo kuuawa mji uliwaka kwa siku kadhaa, polisi nao wakauawa kwa guruneti. Ushahidi ambao ungetolewa kortini, majina ya wafadhili, njia walizopitia vijana kwenda Somalia, vyote vilizikwa pamoja na maiti. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) lilichapisha utafiti wa Afrika uliowahoji watu waliokuwa wamejiunga kwa hiari na makundi ya itikadi kali. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma hatimaye kilikuwa kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa jamaa au rafiki. Fisher hajawahi kukutana na mdogo wa mtu aliyemuua. Kenya hukutana naye kila mara.

Wapo watakaosema haya ni maneno ya mtu asiyekumbuka waliokufa. Wakumbukwe kwa hesabu yao. Watu 213 waliuawa Nairobi katika ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Jumba la maduka la Westgate, Septemba 2013, walikuwa 67. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, walikuwa 148, wengi wao wanafunzi waliokutwa mabwenini alfajiri. Hoteli ya DusitD2, Januari 2019, walikuwa 21. Hakuna serikali inayoweza kukaa kimya mbele ya hayo, na askari anayeingia jengo lenye mtu mwenye bunduki ana haki ya kufyatua risasi. Sheria inamruhusu, wala hahitaji uhuru wa tano. Hebu tulinganishe basi. Westgate ilichukua siku nne, jeshi na polisi wakivurugana hadi kamanda wa kikosi cha polisi cha Recce akauawa kwa risasi za upande wetu, na kamera zikawanasa wanajeshi wakibeba mifuko kutoka madukani. Dusit ilimalizika kwa chini ya saa 24 na mamia wakatolewa wazima. Kilichobadilika kati ya 2013 na 2019 ni mpangilio wa amri. Mateso hayakuwa na mchango wowote. Korti nazo zimeonyesha zinaweza: mwaka 2019 watu watatu walipatikana na hatia kuhusu Garissa, mmoja akafungwa maisha, na mwaka 2020 wawili wakafungwa kuhusu Westgate. Kesi zilienda pole, zikachosha, lakini leo yeyote anaweza kusoma hukumu na kuona ushahidi uliomtia mtu hatiani.

Pingamizi la pili ni jepesi kulisema na gumu kulijibu vizuri: gemu ni gemu tu. Kwanza, vibandani vijana wengi hucheza kandanda, si ujasusi. Ni kweli. Pili, hakuna ushahidi thabiti kwamba mchezaji wa gemu ya kuua hugeuka muuaji. Hilo pia nakubali, na anayetaka gemu hizi zipigwe marufuku anatafuta mchawi asiyekuwepo. Hofu yangu haimhusu kijana mwenye padi bali sisi sote tunaotazama, maana fikra ya Fisher imo pia katika filamu tunazopenda na mazungumzo ya matatu. Fikra hiyo inasema kuna mtu anayejua nani mbaya, na tukimwacha gizani atamaliza kazi. Ndani ya gemu ni kweli, kwa kuwa aliyeandika hadithi ndiye aliyempa mtu ubaya wake. Mtaani hakuna mwandishi wa namna hiyo. Desemba 2018, Laini Saba hukohuko Kibera, polisi walimpiga risasi na kumuua kijana wa miaka 23 aliyekuwa amerudi nyumbani likizoni kutoka Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Walidai ni jambazi. Familia na majirani walikataa katakata. Kutoka Kianda hadi Laini Saba ni mwendo wa miguu. Na kila picha ya kijana aliyeuawa inapowekwa mtandaoni, hakosi mtu wa kuandika chini yake kwamba heri yamekwisha, kabla hata ya kuuliza jina.

Neno gaidi nalo halikai lilipowekwa. Baada ya maandamano ya Juni 2024 ya kupinga mswada wa fedha, watu walichukuliwa na wanaume waliofunika nyuso, kwa magari yasiyotambulika, na kufikia Desemba mwaka huo KNCHR ilikuwa imehesabu visa 82, na watu 29 kati yao walikuwa bado hawajulikani waliko. Rais William Ruto aliahidi mwezi huohuo kwamba vitendo hivyo vitakoma. Julai 2025 mwanaharakati Boniface Mwangi alikamatwa, polisi wakataja kusaidia vitendo vya kigaidi. Alipofikishwa kortini siku mbili baadaye, shtaka lilikuwa la kumiliki risasi bila idhini.

Fisher huanza kazi kwa kupasua taa. Kibera ilipigania taa. Milingoti mirefu ya mulika mwizi ilipowekwa, vichochoro ambavyo mama alikuwa akiviogopa saa moja jioni vikapitika, na wachuuzi wa samaki na mandazi wakaongeza saa za biashara. Mwanga huohuo ndio tunaopaswa kuudai kwa polisi, na tayari umeandikwa. Ibara ya 49 ya Katiba inataka aliyekamatwa aelezwe sababu papo hapo na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiishia nje ya saa au siku za kazi za mahakama. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi inamtaka afisa mwenye sare abandike jina au nambari yake mahali panapoonekana. Kijana wa Kianda akisimamishwa chini ya mlingoti usiku, na aweze kuisoma nambari hiyo kifuani, na mamake aikute asubuhi katika kitabu cha matukio kituoni.