Sikio la soko lipo, kalamu iko wapi?

Msimu wa kuchagua kazi unapofika katika shule zetu za kisiwani Mombasa, hualikwa daktari, wakili na afisa wa bandari waje kuwanasihi wanafunzi. Si mara nyingi hualikwa mwanamke aliyejiajiri katika kazi ya kuzitafutia soko bidhaa za watu wengine. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa ni maneno tu, na kwa watoto wa kike huonekana kama jambo la kushikilia huku wakingoja kazi yenyewe.

Kazi yenyewe ni ipi? Bandari imezilisha nyumba nyingi za Mji wa Kale kwa vizazi. Lakini itakumbukwa kwamba mwaka 2019, ilipotolewa amri kwamba makasha yasafirishwe kwa reli mpya hadi bara, watu waliandamana mjini humu kwa sababu wachukuzi, madereva na makarani wa forodha waliiona riziki yao ikipakiwa garini. Shughuli za kupitisha shehena zilirejeshwa Mombasa Septemba 2022. Hata hivyo mzazi aliyeyaona hayo hawezi tena kumwambia bintiye, kwa moyo mkunjufu, kwamba gatini pana nafasi yake.

Ndiyo maana tunawaomba walimu wautazame mfano wa Esther Passaris, mzaliwa wa Mombasa, aliyeanzisha kampuni ya Adopt-A-Light jijini Nairobi mwaka 2002. Barabara nyingi za jiji hilo zilikuwa gizani wakati ule. Nguzo zimesimama, taa haziwaki. Kila mpita njia aliziona nguzo zile. Bi. Passaris aliona juu yake mahali pa kutundika tangazo. Akapatana na Baraza la Jiji kwamba kampuni za biashara zilipe ili majina yao yatundikwe nguzoni, na taa ziwashwe na kutunzwa kwa malipo hayo. Baadaye milingoti mirefu ya taa ilisimamishwa hata katika mitaa ya mabanda.

Wengi wanaosimulia habari hii hukomea hapo, wakasifu ubunifu wakanyamaza. Mwalimu asikomee hapo. Nguzo zile hazikuwa mali ya kampuni. Zilikuwa za Baraza, na uhai wa biashara nzima ulining'inia kwenye karatasi ya mkataba. Washindani walipotaka nao watundike mabango yao, na uhusiano na Baraza ulipoingia dosari, mambo yalifika mahakamani. Hatukusudii kuamua hapa nani alikuwa na haki. Tunachotaka mwanafunzi aone ni kwamba anayetangaza kwa kutumia kitu cha mwenziwe hana budi kuusoma mkataba wake mstari kwa mstari, na kutafuta mapema mlango wa pili wa kutokea. Bi. Passaris baadaye aliingia katika siasa, akachaguliwa Mwakilishi wa Wanawake wa Nairobi mwaka 2017 na tena 2022. Lakini kwa darasa la biashara, ile miaka ya nguzo ina faida kubwa kuliko miaka ya kura.

Pengine patatokea wa kusema kwamba hayo ni ya Nairobi, hayatuhusu sisi wa kisiwani. Na aende Barabara ya Biashara, ukingoni mwa Mji wa Kale, akawatazame wanawake wakinunua leso. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina. Mnunuzi huligusa pindo, akautazama mji, kisha akalisoma jina. Na jina likiwa baridi, doti hurudi rafuni hata maua yakiwa mazuri kiasi gani. Chapa ya Kaderdina Hajee Essak, ile ya "Mali ya Abdulla", imejulikana pwani nzima kwa majina yake. Nguo zenyewe kwa miaka mingi zilipigwa chapa mbali: Uholanzi, Uingereza, Japani, India. Hebu fikiria hatari yake. Jina likikosewa Mombasa, kosa linarudi kwa meli, robota kwa robota.

Na nani aliyejua ni neno gani litauma mwaka huu, na lipi limechuja? Ni wanawake wa mitaani, waliojua arusi ya nani inakuja na nani hasemi na nani. Vyama vya lelemama, ambavyo Margaret Strobel alivichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, vilishindana kwa ngoma na karamu kwa ustadi ambao leo ungeitwa utaalamu wa masoko. Jina la mwenye duka limepigwa chapa pembeni mwa nguo. La aliyelitunga fumbo halimo.

Hapo ndipo penye dhuluma, na ingali ikiendelea kwa sura nyingine. Wasichana wa Kibokoni na Bondeni hutangaza abaya, udi, keki na hina kwa simu zao. Wanaijua saa ambayo picha hutazamwa, na wanajua wiki ambayo mishahara imeingia. Lakini msichana huyo akimtafutia mwenye duka wateja mwezi mzima, mara nyingi hulipwa "ahsante mwanangu" na doti moja ya leso. Hakutaja bei kwa kuwa aliona haya. Mwenye duka ni rafiki ya mamake. Hakuandika lolote. Mwezi wa pili mwenye duka humpa kazi hiyo mpwa wake, pamoja na nambari zote za wateja.

Tangu mwaka 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Fungu hilo halimfikii mwenye sikio zuri asiye na karatasi. Linataka biashara iliyosajiliwa na cheti cha kodi, yaani mambo yanayofunzika darasani kwa majuma machache.

Tunapendekeza basi mwalimu wa Biashara na mwalimu wa Kiswahili washirikiane, maana mkataba ni utungaji kama utungaji mwingine, na wengi wa wanafunzi hawa wataweka sahihi mikataba mingi kuliko watakavyoandika insha. Kabla ya muhula kwisha, kila mwanafunzi aandike mkataba wa ukurasa mmoja kwa ajili ya duka analolijua: kazi gani itafanywa, kwa bei gani, italipwa siku gani, na pande mbili zikiachana nambari za wateja zitabaki kwa nani.