Tuulize hati ya soko letu

Wachuuzi wengi hupumzika katika Bustani ya Jeevanjee, Nairobi, bila kumjua mwenye jina. A. M. Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, alitajirika kwa kandarasi za reli iliyofika Nairobi mwaka 1899. Akajenga maduka na soko, na mwaka 1906 akawapa wakazi bustani hiyo. Mwaka 1991 ulizuka mpango wa kuijenga. Wananchi, akiwamo mjukuu wake Zarina Patel, waliupinga hadi ukakwama.

Miji yetu midogo nayo inakua, na viwanja vya soko vinanyakuliwa kimyakimya. Mkulima atauzia wapi mboga zake? Diwani akija kuomba kura, tumuulize kwanza: hati ya soko letu iko wapi?