Asiyekubali kushindwa si mshindani

Wako vijana wadhanio ya kuwa bingwa ni mtu asiyeanguka kamwe. Twapenda leo kuwasimulia habari za Gabriel Elorde wa Ufilipino, aliyejulikana kwa jina la Flash, ndiyo kusema mmweko wa umeme, ili wajionee wenyewe kama ni hivyo.

Elorde alizaliwa tarehe 25 Machi 1935 katika Bogo, kisiwani Cebu. Kwao mali ilikuwa kidogo na watoto wengi, naye aliacha shule mapema akatafuta kazi. Lakini baba yake alikuwa hodari wa eskrima, mchezo wa kupigana kwa fimbo ulio urithi wa watu wa visiwa vile. Huko mtoto alijifunza kupanga miguu, kusogea na kukwepa pigo. Mwaka wa 1951, akiwa na miaka 16 tu, alianza kupigana ngumi kwa malipo. Alitanguliza mkono wa kulia na kuuficha wa kushoto kwa pigo kubwa, jambo linalowasumbua sana wapinzani.

Julai 1955, mjini Manila, alimshinda Mwamerika Sandy Saddler, bingwa wa dunia wa uzito wa unyoya. Hata hivyo taji halikuwekwa shindanoni siku ile. Walipokutana tena kwa ajili ya taji, Januari 1956 katika San Francisco, Elorde alipasuka juu ya jicho, damu ikamziba, na mwamuzi akalisimamisha pambano katika raundi ya 13. Kijana wa miaka 20 alirudi kwao mikono mitupu.

Je, alikata tamaa? La! Alingoja miaka minne, akiendelea na mazoezi, akishinda na mara nyingine akishindwa. Ndipo tarehe 16 Machi 1960 alipomwangusha Harold Gomes wa Marekani katika raundi ya 7, akawa bingwa wa dunia wa uzito mwepesi mdogo, ambao kikomo chake ni karibu kilo 59. Pambano hilo ndilo lililofungua jumba kubwa la Araneta, katika Quezon City karibu na Manila. Wasomaji wetu wanaokumbuka usiku wa Kinshasa wa mwaka wa 1974, Muhammad Ali alipomshinda George Foreman, na wajue ya kuwa mwaka uliofuata Ali alipigana na Joe Frazier katika jumba hilohilo.

Gomes alidai kurudiana. Agosti 1960 alianguka katika raundi ya kwanza. Elorde akalishika taji lake miaka 7 na miezi 3, akilitetea mara 10.

Lakini moyo wake ulitamani taji la juu zaidi, la uzito mwepesi wenyewe. Kutoka uzito mmoja hata mwingine ni kilo mbili na kidogo tu, lakini juu ya kilo hizo alisimama Carlos Ortiz wa Puerto Rico. Februari 1964, mbele ya watu wa nchi yake mjini Manila, Elorde alishindwa katika raundi ya 14. Novemba 1966 alijaribu tena katika New York, akashindwa tena katika raundi ya 14. Taji lile hakulipata kamwe. Juni 1967, mjini Tokyo, Mjapani Yoshiaki Numata alimnyang'anya hata lile alilokuwa nalo.

Elorde alifariki Januari 1985 kwa saratani ya mapafu, kabla ya kutimiza miaka 50. Mwaka wa 1993 jina lake liliingizwa katika Jumba la Heshima la ngumi huko Canastota, Marekani, naye akawa Mwasia wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Katika maisha yake alishinda mapambano 88, akashindwa 27. Tuitazame vema hesabu hiyo ya pili, kwa maana yasomesha kuliko ya kwanza. Mara 27 alisikia mkono wa mwingine ukiinuliwa. Na bado watu wake wamemwita bingwa hata leo. Basi ninyi wanafunzi mliokosa mtihani, na ninyi wazazi mnaomlaumu mtoto aliyeanguka mara moja: msimpime mtu kwa siku ya kuanguka kwake. Mngojeeni siku ya kuinuka.