Picha ya Marekani inaonyesha nusu tu

KINDU – Picha inaingia kwenye simu: kijana wa Kindu amesimama karibu na gari, miguu kwenye theluji. Inazunguka Kasuku, inavuka Lualaba mpaka Alunguli. Jioni neno ni moja: yeye ameokoka, wengine wamebaki.

Picha hiyo haisemi uongo. Kule maji yanatoka bombani, umeme unawaka, na mtoto halali akisikia risasi. Ubaya ni kwamba inaonyesha nusu tu.

Nusu ya pili ni hii. Mkimbizi aliyepelekwa Marekani kwa programu ya serikali alipewa tiketi ya ndege kwa mkopo. Mkopo hauna riba, lakini analipa kila mwezi. Msaada wa kwanza wa kumpokea ulihesabiwa kwa siku 90. Baada ya hapo, kodi ya nyumba inamngoja mlangoni. Ndiyo maana mtu aliyefundisha shule hapa anaweza kujikuta kule akifunga makartoni usiku kwenye depo. Na lile gari? Katika miji mingi ya kule basi ni chache. Bila gari hufiki kazini. Mara nyingi nalo liko kwenye deni.

Hapa Kindu, mwenye kukosa franka anaweza bado kula bukari na sombe kwa dada yake. Kule, anayeshindwa kodi anatolewa nje na sheria.

Kunyamazia mambo haya si aibu ndogo, kwa sababu kuna wanaolipia. Familia zilizokimbia vita zinasikia ahadi: toa dola, jina litaingia kwenye liste. Wandugu, sikilizeni vizuri. Programu ile iliwachukua wakimbizi walio nje ya nchi yao. Aliyehamishwa na vita lakini bado yuko ndani ya Kongo hakuhesabiwa humo. Na HCR haiuzi nafasi. Huduma zake ni za bure.

Kuna lingine. Mwaka wa bajeti wa 2024, Marekani ilipokea karibu wakimbizi elfu 20 kutoka Kongo. Lakini tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha programu hiyo. Basi komisioneri anayekusanya dola kwa jina la mlango huo ni mwizi, hata akivaa kravati.

Nanyi mlio Dallas, Louisville ao Portland, hakuna anayewaomba mfiche furaha yenu. Tumeni picha ya gari, tumeni pia fakture ya kodi na saa mnazotoka kazini.

Na mama anayetaka kuuza kiwanja Mikelenge kwa ajili ya safari, kwanza ampigie mwanawe aliye kule. Asimuulize kama Marekani ni nzuri. Amuulize: mwisho wa mwezi, unabakiwa na ngapi?