Bei ya Kunyamaza

Twaomba ruhusa kusema neno zito. Mwaka jana, wakati wa kuokota korosho, mama mmoja mzee alikufa katika nyumba ya kutunzia wazee. Nyumba ile hatuitaji jina, wala ukoo wake hatuutaji, maana hatuandiki ili kumwaibisha mtu. Alikufa kwa kiu, na kwa vidonda vya kulalia, ambavyo hapana aliyeviosha wala kumgeuza. Wanawake waliomwosha maiti ndio walioviona, nao walitoka nje kimya.

Siku ya tatu baada ya maziko walikuja watu wawili, wameleta bahasha na karatasi. Kwa kuwa kazi yetu ni ualimu, tuliitwa tuwasomee wazee. Karatasi ilikuwa na mambo matatu. La kwanza, ukoo umepokea shilingi laki tano kuwa rambirambi. La pili, mama alikufa kwa uzee. La tatu, hapana mtu wa ukoo ule atakayedai kitu, wala kulitaja jambo hili mbele ya mtu yeyote, siku zote. Tulipofika hapo wazee walituambia tusome tena, wakidhani tumekosea. Hatukukosea. Kisha mjomba, ndugu yake marehemu, akasema, "Mwalimu, tuonyeshe mahali pa kutia kidole gumba." Tukakataa kumwonyesha.

Wapo waliotukasirikia hata leo. Wasema mwalimu amewanyima wafiwa haki yao, tena ameleta ugomvi msibani. Basi yafaa tuwajibu, maana maneno yao si ya ukoo ule tu. Twayasikia kila mahali.

Wa kwanza wasema, "Ni mapenzi ya Mungu." Twajibu: saa ya kufa i mkononi mwa Mungu, walakini mtungi wa maji ulikuwa mkononi mwa watu. Mtungi ule ulikuwa hatua sita kutoka kitandani, na yule mama hakuweza hata kukaa. Watu wa Newala na uwanda wote wa Makonde wajua maji ni nini. Mama zetu waliteremka bondeni kuyateka, wakapanda tena mlima na mzigo kichwani, na kikombe cha kwanza kilikuwa cha mgonjwa. Je, tutamsingizia Mungu kosa ambalo mama zetu hawakulifanya hata siku za ukame?

Wengine, nao ni wabatizwa, walianza kunong'ona habari za uchawi. Hao twawaonea haya. Ni rahisi kumshuku bibi kizee jirani kuliko kuuliza ni nani aliyekuwa wa zamu usiku ule. Katika nchi yetu, hasa upande wa Ziwa, vikongwe wameuawa kwa minong'ono ya namna hiyo. Hivyo kosa la kumwacha mzee mmoja lazaa kosa la kumwua mwingine.

Wa pili wasema, "Mkristo husamehe." Ni kweli, tena ni amri. Lakini kusamehe ni kumwachilia mtu deni lijulikanalo. Mtu asiyekiri kosa, ambaye karatasi yake yasema kwamba mama alikufa kwa uzee tu, amesamehewa nini? Hakuomba msamaha; aliomba kimya. Mambo hayo mawili hayana undugu.

Wa tatu, nao twawaheshimu kuliko wote, wasema, "Fedha ya maiti ni haramu, tusiiguse." Hao na wafungue Kutoka, sura ya 21, wasome habari za ng'ombe apigaye watu kwa pembe. Mwenye ng'ombe asiyejua tabia ya mnyama wake hana hatia. Lakini yule aliyekwisha kuonywa, asimfunge, na ng'ombe akaua mtu, huyo ana hatia, naye aweza kutozwa fedha kuwa fidia. Basi Torati yajua uzembe, tena yajua malipo. Fedha si haramu kwa kuwa ni fedha. Haramu ni kile kinachonunuliwa nayo.

Hapa Masasi twaweza kulielewa jambo hili kuliko wengine. Mwaka 1882 Magwangwara walipoivamia Masasi, wakaua watu na kuchukua mateka, Padre Porter alifunga safari kwenda nchi yao ili awakomboe waliochukuliwa. Mali itolewayo kumrudisha mtu aliye hai ni mali njema. Mali itolewayo kumfunika mtu aliyekufa, asionekane alivyokufa, hiyo ndiyo tuikataayo.

Tena sheria ya nchi haikuwaacha wafiwa mikono mitupu. Iko sheria ya Tanzania, Sura ya 310, ihusuyo vifo visababishwavyo na kosa la mtu. Hiyo yawatazama mume, mke, wazazi na watoto wa marehemu, na dai hupelekwa na msimamizi wa mirathi. Kwetu mjomba ndiye msemaji wa ukoo, nasi twamheshimu. Hata hivyo haifai achukue bahasha peke yake, huku watoto waliomwuguza mama yao miaka mingi wamesimama nje ya ua. Kadhalika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, yamwagiza kila mtu aliye na mgonjwa au mzee asiyejiweza chini ya ulinzi wake ampatie mahitaji ya uhai. Akimwacha kwa uzembe mkubwa hata akafa, jambo hilo laweza kuwa kosa la kuua bila kukusudia, na kosa hilo ni la Jamhuri. Halimalizwi chini ya mwembe, hata ukoo mzima ukitia vidole.

Msomaji asidhani kwamba uvivu wa kuuliza ni wa vijijini tu. Huko Marekani, katika jimbo la Texas, kati ya miaka 2016 na 2018 wanawake wazee wengi, baadhi yao wakaao katika makao ya wazee, walikutwa wamekufa. Jamaa zao waliambiwa kuwa ni uzee, wakazika. Mwezi wa Machi 2018 mmoja aliyeshambuliwa alipona, akasema. Hapo ndipo alipokamatwa Billy Chemirmir, mtu wa asili ya Kenya, akashtakiwa kwa mauaji ya wanawake 22. Mwaka 2022 alihukumiwa mara mbili kifungo cha maisha, na mwaka 2023 aliuawa gerezani. Jamaa wa marehemu waliwashtaki wenye makao kwa uzembe wa ulinzi. Walakini hawakutaka fedha peke yake; walisimama mbele ya watu wakasema, hata mwaka 2021 jimbo lile likatunga sheria ya kwamba jamaa waarifiwe ikiwa sababu ya kifo iliyoandikwa imebadilishwa. Kama wote wangalikubali neno "uzee" na kunyamaza, sheria hiyo isingalikuwapo.

Sasa twageuka kwetu wenyewe, maana hatuwezi kumnyoshea kidole mwenye nyumba na kuficha mikono yetu. Ni nani aliyekwenda kumtazama mama yule? Tangu Pasaka hata korosho zilipoanza kuanguka, hapana. Watoto walikuwa mashambani, wajukuu mjini, nasi walimu na wazee wa kanisa tulikuwa na vikao vyetu. Mtume Paulo alimwandikia Timotheo maneno makali juu ya mtu asiyewatunza watu wa nyumbani mwake. Maneno yale ni ya wafiwa kabla hayajawa ya mwenye nyumba. Ukoo udaio fidia na uanze kwa kulikiri hilo, ndipo dai lake litakapokuwa safi.

Basi, wenye jambo kama hili wafanye nini? Tusemayo ni haya. Kabla ya kuzika, amwite mganga wa hospitali, aandike aliyoyaona mwilini. Watoto na mjomba wakae pamoja, wamchague msimamizi, akathibitishwe mahakamani. Wenye nyumba wakitaka kupatana, wapatane. Mapatano ni bora kuliko miaka mingi ya kesi. Lakini karatasi iseme kweli namna mama alivyokufa, fedha ihesabiwe mbele ya wote, na neno la kunyamaza lifutwe. Asiyejua kusoma asitie kidole mpaka asomewe mara mbili, na mtu asiye upande wowote.

Karatasi ile ilirudi bila alama. Mazungumzo yangali yakiendelea, wala hatujui yatakwishaje. Jumapili iliyopita tulikwenda kuitazama nyumba ile baada ya ibada. Wamo wazee tisa. Mmoja, aliyelala kitanda kile kile, alituomba maji kabla hatujamwamkia.

Laki tano zile hazikuwa bei ya aliyekufa. Yeye yuko kwa Mungu, wala hauziki. Zilikuwa bei ya hao tisa. Ukoo ungalitia kidole, nani angaliingia kwa ujasiri kuuliza kwa nini mtungi ungali mbali na kitanda? Ndugu, kabla hamjaipokea bahasha, waulizeni wanaoileta: je, maji yamekwisha kusogezwa?