Bukavu: Marafiki waliotawanyika wanaweza kukutana kwenye meza ya mtandaoni?

Tangu AFC/M23 ilipoingia Bukavu katikati ya mwezi wa pili 2025, makundi mengi ya marafiki yamevunjika bila watu kugombana. Mmoja alivuka kwenda Bujumbura, mwengine yuko Kampala, wa tatu alifika Kinshasa. Wale waliobaki Ibanda, Kadutu ao Bagira wanapenda kuwa ndani mapema. Giza likiingia, mlango umefungwa. Simu ndiyo inawaunganisha, na kwenye simu mazungumzo yamekuwa mafupi: "Muko salama?" "Tuko." Kisha habari za vita, kisha mambo ya feza, basi.

Ndiyo maana inafaa kuangalia kwa karibu mchezo mmoja ambao vijana wa inchi zingine wanautumia kukaa pamoja wakiwa mbali: mchezo wa hadithi unaochezwa kwenye meza ya mtandaoni. Swali la Bukavu ni rahisi. Je, mtu anaweza kuuanzisha akiwa na simu ya kawaida, kura inayokatika na mega za kuhesabu? Jibu ni ndiyo, lakini kwa kufuata njia tofauti na ile wanayoonyesha wenye kuuza programu hizo.

Mchezo wenyewe ni nini

Watu wane ao watano wanakaa pamoja. Mmoja ni kiongozi wa mchezo: anaeleza mahali na matukio, na anasema kwa niaba ya watu wote ambao wenzake wanakutana nao njiani. Kila mmoja wa wale wengine anachukua mtu wake wa hadithi, anamupa jina, nguvu na uzaifu, na anaamua atafanya nini. Kiongozi anasema: "Mumefika kwenye daraja la kamba. Kamba moja imekatika, na mvua inakuja. Munafanya nini?" Mmoja anajibu: "Miye natangulia polepole." Mwengine anamukataza: "Yaya, ngoja, tufunge kwanza ile kamba." Kama jambo linaweza kufaulu ao kukosa, wanatupa dadu. Hakuna anayeshinda wenzake. Hadithi inaendelea juma kwa juma, wakati mwengine kwa miezi.

Mchezo unaojulikana zaidi wa aina hii ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka wa 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Jina ni la kigeni, lakini desturi yenyewe si ya kushangaza Kivu. Wanyanga wa Walikale wana hadithi ndefu ya Mwindo, mtoto shujaa anayeshuka mpaka chini ya udongo kumufuata baba yake. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliichapisha kwa kitabu mwaka wa 1969. Msimulizi wa hadithi ile haachwi peke yake: wanaosikiliza wanamuitikia na kuimba naye. Mchezo huu unaongeza hatua moja tu, kwani hapa wanaosikiliza wanaamua pia nini kitafuata.

Meza isiyo na mbao

Meza ya mtandaoni ni ukurasa wa intaneti ao programu inayochukua nafasi ya meza ya kweli. Kila mchezaji anaona ramani ileile, anasogeza alama ya mtu wake, na dadu zinatupwa mbele ya macho ya wote. Roll20, iliyoanza mwaka wa 2012, inafunguka bila kulipa kwa mwanzo. Owlbear Rodeo ni nyepesi zaidi: inaonyesha ramani na alama, na haina mambo mengi. Foundry VTT, iliyotoka mwaka wa 2020, inalipiwa mara moja, karibu dola 50, na kiongozi peke yake ndiye analipa. Kwa sauti, wengi wanatumia Discord.

Vyombo hivyo vilitengenezwa kwa watu wenye umeme usiku kucha, intaneti isiyokatika na kadi ya benki. Bukavu haina hayo matatu kwa pamoja. Umeme wa mji unatoka kwenye mabwawa ya Ruzizi. Bwawa la Ruzizi I linasumbuliwa mara kwa mara na takataka za plastiki zinazoshuka kutoka ziwa Kivu, na umeme wa Ruzizi II unagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Benki zilifunga milango mji ulipobadilisha mikono, na bila benki, kulipa dola 50 kwa kampuni ya ngambo ni kazi nzito. Intaneti nayo haina uhakika. Wakongomani wanakumbuka ilivyokatwa inchi nzima baada ya uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa 12, 2018, na mwanzoni mwa mwezi wa pili 2025 mitandao ya X na TikTok ilizuiliwa.

Kwa hiyo, mtu akianza kwa kutafuta programu nzuri zaidi, atachoka mbele ya kucheza hata siku moja. Afazali ageuze utaratibu: watu kwanza, kisha sauti, kisha dadu, na ramani ije mwisho.

Kuanza na kile kilichopo

Watu watatu wanatosha, pamoja na mmoja anayekubali kuongoza. Kiongozi ndiye tu anayelazimika kusoma kanuni, na hapo kuna habari njema. Mwaka wa 2023 kampuni ya Wizards of the Coast, yenye mali ya Dungeons & Dragons, iliruhusu kila mtu atumie kanuni za msingi za mchezo huo bila kulipa, na zinapatikana hata kwa Kifaransa. Ni faili moja: inashushwa mara moja, kisha inasomwa bila mega. Wachezaji wengine hawahitaji kusoma chochote. Kiongozi anawaeleza kwa Kiswahili, na wanajifunza wakicheza.

Sauti inapita kwenye kikundi cha WhatsApp. Kama mega zinatosha, watu wanaitana kwa sauti bila video, maana video ndiyo inakula. Kama hazitoshi, kila mmoja anaacha ujumbe wa sauti wakati kura iko, na kiongozi anajibu jioni. Hadithi inatembea polepole, lakini hakuna anayeachwa nyuma kwa sababu SNEL imekata mtaa wake.

Mchezo huo unatumia sana dadu ya sura 20, ambayo si rahisi kuipata sokoni. Karatasi ndogo zilizoandikwa 1 mpaka 20 ndani ya kofia zinafanya kazi ileile. Shida ni uaminifu: aliye Kampala haoni kofia iliyo Kadutu. Basi wakubaliane tangu mwanzo kwamba kiongozi anatupa kwa ajili ya wote, ao kila mtu anatuma picha.

Ramani inaweza kuchorwa kwa biki kwenye karatasi ya kaye, ikapigwa picha na kutumwa kwenye kikundi. Kikundi kikishazoea, ndipo Owlbear Rodeo ao Roll20 itakuwa na faida. Foundry VTT ina faida nyingine isiyosemwa sana: ikishawekwa kwenye kompyuta, watu walio katika nyumba moja wanaweza kuingia kupitia wifi ya simu bila kutumia mega hata moja. Hiyo inafaa wanafunzi wanaokutana mchana katika parseli moja, si wale waliotawanyika.

Saa pia inaleta fujo. Saa mbili za usiku Bukavu na Bujumbura ni saa moja Kinshasa na saa tatu Kampala. Afazali kikundi kiandike saa ya Bukavu peke yake, kila mtu ajihesabie.

Mambo ya kuangalia wakati huu wa vita

Katika mji wa amani, ramani ya mchezo ni mchoro tu. Katika mji unaoshikiliwa na watu wa silaha, mchoro wa Nyawera ao Panzi wenye alama nyekundu na mishale unaweza kusomwa vingine na mtu anayefungua simu njiani. Hapo hakuna nafasi ya kueleza kwamba ni hadithi. Hekima ni kuchora inchi isiyokuwepo, kuepuka majina ya mitaa ya kweli, na kutoita kikundi jina lenye harufu ya jeshi. Vivyo hivyo kwenye Roll20 ao Discord: jina la kujitungia linatosha, bila picha ya uso wala mahali pa kukaa.

Kitu cha pili ni moyo. Michezo hii inapenda mapigano, na wachezaji wengine wamezika watu. Kiongozi aulize mbele ya kuanza: ni nini hatutaki kusikia katika hadithi yetu? Kuwaka kwa nyumba, watoto kupotea, ubakaji, hayo yanaweza kutolewa kabisa na mchezo ukabaki mtamu. Mmarekani John Stavropoulos alitunga njia inayoitwa X-Card: mchezaji anayeguswa na jambo anaonyesha herufi X, nalo linaachwa bila kumuomba maelezo. Kwenye WhatsApp, kuandika X moja kunatosha. Mchezo hauponyeshi majeraha ya vita kama muganga, na mtu asiyelala kwa sababu ya aliyoyaona anahitaji msaada mwengine.

Lakini kuna kitu unaweza kufanya. Salamu ya "Muko salama?" inaisha kwa neno moja. Hadithi iliyoachwa katikati ya daraja inamulazimisha mtu arudi kesho, kwa sababu wenzake wanamungoja. Kwa kundi lililotawanyika, hiyo ni sababu ya kuendelea kuitana wakati hakuna habari mbaya ya kupashana.

Kanuni moja haiko katika kitabu chochote, na kikundi chenye watu Bukavu kinapaswa kuiandika ya kwanza: kura ikikatika, mtu wa hadithi wa yule aliyepotea hafi na hapotezi kitu. Analala kando ya moto, wenzake wanamulinda mpaka simu yake iwake tena.